Mchanga Katika Pembe za Vugo

Mnamo Agosti 2007, katika nyumba moja ya mawe ya mtaa wa Mkomani mjini Lamu, mwanamke mkongwe aliyekwisha kupoteza nuru ya macho kwa mtoto wa jicho aliketishwa mbele ya runinga ambayo hakuweza kuiona. Mjukuu wake, mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa ametia DVD ya harusi ya mama yake mdogo. Alitaka kumsikilizisha bibi sauti yake mwenyewe, sauti aliyoimba nayo vugo miaka kumi na mmoja kabla. Pembe zikaanza kugongwa. Bibi akasikiliza kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "pembe hizi zimetiwa mtanga."

Mtanga, kwa Kiamu, ni mchanga. Mwanafunzi alidhani bibi analalamikia spika za runinga, akazipunguza sauti. Bibi akasisitiza kwamba si kelele. Pembe ya nyati ikigongwa kwa kijiti hutoa mlio mkavu, mfupi, unaokatika kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Hizo alizozisikia zilikuwa zikichirizika kabla ya kugongwa na baada ya kugongwa, kana kwamba mtu anamwaga mchanga juu ya ungo. Kipofu yule alikuwa amelitaja, bila ya kulijua jina lake, kosa ambalo mafundi wa sauti huliandikia vitabu.

Wasomaji waliokulia mbali na Pwani yafaa waambiwe kwa ufupi kwamba vugo ni ngoma ya wanawake katika harusi za Lamu. Wachezaji hushika pembe na vijiti, hujipanga, huzigonga kwa mdundo mmoja na kuimba tungo ambazo baadhi hurithiwa na baadhi hutungwa kwa tukio lenyewe. Ndani yake mna sifa, mna nasaha kwa bi harusi, mna mizaha, na aghalabu mna vijembe. Wanaume hawahudhurii. Bibi huyu alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakitangulia kuimba, na usiku ule wa mwaka 1996 ndio usiku pekee ambao sauti yake ilirekodiwa. Mwanamke mmoja wa mtaani aliyekuwa na kamera ndiye aliyeshika kazi hiyo. Matokeo yake yalikuwa kanda mbili za VHS zenye jumla ya dakika 250. (Mwaka huohuo, kwa sadfa, DVD za kwanza zilianza kuuzwa huko Japani, hapana aliyekuwa Mkomani usiku ule aliyejua.)

Kanda zilikaa katika zidaka za ukuta kwa muda wa miaka kumi, baina ya vyombo vya kauri na chetezo. Mahali pale ni pazuri kwa macho, lakini si pazuri kwa kanda. Hewa ya Lamu ina chumvi na unyevu, na ukungu mweupe ulianza kuota pembeni mwa utepe. Ndipo mwaka 2006 jamaa mmoja alipozichukua, akazipeleka kwa fundi mjini Mombasa ili zinakiliwe katika DVD. Alitoa agizo moja tu, kwamba yote yaingie katika sahani moja. Fundi alitekeleza alichoambiwa, na wala haifai kumlaumu. Mteja aliyetaka sahani moja alipewa sahani moja.

Ilikuwa ni kutoka katika sahani hiyo ambapo mwanafunzi alikuwa amenukuu tungo za vugo kwa ajili ya tasnifu yake. Alikuwa amezinukuu kwa bidii, akirudia kila mshororo mara tatu au nne. Katika utungo mmoja alisikia maneno mawili, "kaa mwambani", nayo yalirudiwa kama kiitikio. Akayafasiri kuwa ni nasaha: bi harusi anaambiwa akae juu ya mwamba, yaani awe imara, asitikiswe na mawimbi ya ndoa. Tafsiri hiyo ilimpendeza. Aliijengea sehemu nzima ya sura ya tatu, akaihusisha na mapokeo ya mawaidha ya kike yanayofahamika zaidi kwa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika kisiwa jirani cha Pate katikati ya karne ya 19. Msimamizi wake aliisoma, akaisifu.

Jioni ile, baada ya maneno ya mchanga, alimsomea bibi sehemu hiyo. Bibi alicheka hadi akajipangusa machozi kwa upindo wa leso.

"Mimi sikunena kaa kitako, mwanangu. Nalinena k'aa. K'aa wa pwani, mwenye magando."

Haikuwa nasaha, kilikuwa kijembe. Kaa ni kiumbe asiyekwenda mbele wala nyuma bali upande, na aliyekusudiwa alikuwa mmoja wa waalikwa wa upande wa pili, ambaye mwendo wake katika mambo ya posa ile haukuwa umenyooka. Wote waliokuwapo usiku ule walimjua. Yeye mwenyewe alijijua, na kwa mujibu wa bibi alizidisha kupiga makofi ili asionekane amechomwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua tofauti iliyopo. Katika lahaja za kaskazini, Kiamu ikiwamo, konsonanti vipasuo hutofautishwa kwa mpumuo. Kitenzi kaa hutamkwa bila pumzi kutoka baada ya k, ilhali k'aa wa pwani hutamkwa kwa pumzi, na vivyo hivyo paa la nyumba na p'aa wa porini. Hati sanifu haiandiki mpumuo, kwa hivyo wengi hujifunza kuusahau. Lakini sikio la mzaliwa wa Lamu halisahau, na mwanafunzi huyu ni mzaliwa wa Lamu. Kama angekuwa mbele ya bibi usiku ule asingekosea. Mara nyingi muktadha wa upatanisho wa kisarufi huokoa: paa la na paa wa hayachanganyiki. Hapa hapakuwa na upatanisho. Palikuwa na maneno mawili, na maana yote ilitegemea pumzi fupi mno baina ya k na a.

Pumzi hiyo ilikwenda wapi?

Usiku uleule mwanafunzi aliitia sahani katika tarakilishi ya kupakata aliyoazimwa, akatafuta takwimu zake. Picha ilikuwa ya upana kamili wa mfumo wa PAL, pikseli 720 kwa 576, ikiendeshwa kwa megabiti 2.3 kwa sekunde. Sauti ilikuwa imebanwa kwa mfumo wa AC-3, kilobiti 96 kwa sekunde. Hizo zilikuwa tarakimu ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuulizwa juu yake, na ndizo zilizoamua nani ni kaa na nani anakaa.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inashangaza kwamba watu wengi waliojitengenezea DVD hawakuwahi kuipiga. Sahani ya kawaida ya tabaka moja ina baiti bilioni 4.7, sawa na biti bilioni 37.6. Dakika 250 ni sekunde 15,000. Ukigawa, kila sekunde hupata biti milioni 2.5 tu, zigawanywe baina ya picha na sauti. Kanuni za DVD huruhusu picha kufikia megabiti 9.8 kwa sekunde, na yote kwa jumla megabiti 10.08; kwa kasi hiyo ya juu sahani hujaa katika muda wa saa moja hivi. Ndiyo maana mashine za kurekodia za wakati ule zilikuwa na vibonye vya saa moja, saa mbili, saa nne na saa sita. Mnunuzi aliviona kama vibonye vya muda. Kwa kweli vilikuwa vibonye vya kusahau.

Fundi, akiwa na megabiti 2.5 mkononi, alifanya kama wafanyavyo wengi: alimpa macho karibu kila kitu, akaliachia sikio makombo. Picha ikabaki na upana wake wote lakini haikuwa na biti za kuujaza, ikagawanyika vipande vya miraba kila wachezaji walipojongea. Sauti nayo ikapata sehemu moja ya kumi na sita ya ile ambayo ingehitaji kama isingebanwa kabisa. Kwani sauti ya DVD isiyobanwa, inayoitwa PCM, huchukua sampuli 48,000 za biti 16 kwa kila sekunde katika mikondo miwili, yaani kilobiti 1,536.

Mifumo ya kubana sauti kama AC-3 haikatikati ovyo. Huyachunguza yaliyomo, hukisia ni yapi sikio la binadamu halitayahisi kwa kuwa yamefunikwa na mengine yenye nguvu zaidi, kisha huyapunguzia usahihi hayo. Penye biti za kutosha, kwa mfano kilobiti 224 au zaidi, ukisiaji huu hufanya kazi vyema na wengi wetu hatutambui. Zikipungua mno, mambo mawili hutokea. La kwanza, sauti za juu hukatwa. La pili, kwa kuwa sauti huchakatwa kwa vifungu vifupi vya wakati, makosa ya mlio wa ghafla husambaa katika kifungu chote, hata sehemu iliyotangulia mlio wenyewe. Pembe iliyogongwa mara moja huanza kuchirizika kabla ya kugongwa. Huo ndio mchanga wa bibi.

Na mpumuo? Mpumuo kifonetiki ni kelele: hewa inayochirizika kooni bila nyuzi za sauti kutetema. Kanda ya VHS nayo ina kelele zake, msasa wa daima unaosikika chini ya kila kitu. Programu ya kubana, isiyojua Kiamu wala lugha nyingine yoyote, haina njia ya kutenga pumzi ya bibi na msasa wa utepe. Vyote viwili kwake ni kelele hafifu zilizofunikwa na kishindo cha pembe, na vyote viwili huviona kuwa ni vya kuachwa. Hapo mtu anaweza kuuliza: je, sauti ya VHS yenyewe si duni tangu mwanzo? Ni duni, hasa ikirekodiwa katika mkondo wa kawaida ulio ukingoni mwa utepe. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuongeza hadhari. Mali chache haivumilii hasara ya pili. Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha, IASA, kilikwisha kulisema hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2004, na kikalirudia katika chapisho la pili la 2009: nakala ya hifadhi isibanwe, na iwe na angalau sampuli 48,000 za biti 24. DVD ya nyumbani, yenye biti 16, haifiki kwenye kizingiti hicho. Hata hivyo iko karibu nacho kuliko kilobiti 96.

Kanda zilikuwa zingali hai, jambo ambalo si la kawaida. Katika nyumba nyingi kanda hutupwa siku DVD inapofika. Mwanafunzi aliazima deki kwa jirani. Kamera ya MiniDV aliyopewa na idara yake kwa utafiti ilikuwa na uwezo wa kupokea picha kutoka kwenye deki na kuipitisha katika tarakilishi, sauti ikiwa haijabanwa. Saa moja ya picha za namna hiyo hula takriban gigabaiti 13. Kanda zote mbili zilihitaji gigabaiti 54 katika diski ya gigabaiti 80. Alifuta karibu kila kitu kilichokuwamo.

Ukungu ulimpa taabu. Kila baada ya dakika ishirini hivi kichwa cha deki kiliziba na picha ikageuka theluji (neno hili la mafundi wa runinga huchekesha likitumiwa kisiwani Lamu), ikabidi kifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti. Umeme wa mji wakati ule ulitoka katika mitambo ya dizeli, na ulikuwa na desturi zake. Siku tatu zilipita. Kanda ya pili ilikatika ilipokuwa ikirudishwa mwanzo baada ya kunakiliwa, na tangu hapo haikuchezwa tena.

Kisha ukaja uamuzi wenyewe. Alikuwa na sahani tupu chache za aina nzuri, na alikuwa amejifunza kutoka kwa bibi kwamba neno "ubora" katika menyu ya programu lina maana zaidi ya moja. Kwa hivyo hakuuliza ni ubora gani ulio bora. Aliitazama kanda yote upya, akaandika katika daftari kila sehemu inataka kubakiza nini.

Sehemu ya kwanza, dakika 90, ilikuwa ya mchana na ya njiani: zefe, wanaume wakicheza kirumbizi kwa fimbo, punda wakisukumwa kando ya kuta. Hiyo aliipa picha pana na megabiti 5.5, sauti ikiwa AC-3 ya kilobiti 224. Msongamano wa watu wanaokwenda huku na huko ndio unaokula biti kuliko kitu chochote, kwa kuwa mfumo wa MPEG-2 huokoa nafasi kwa kuhifadhi kile tu kilichobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na katika zefe kila kitu hubadilika.

Sehemu ya pili, dakika 80, ilikuwa kupamba: bi harusi ameketi, mikono yake ina piko na hina, dhahabu kifuani, na nyuma yake unasikika muziki wa kaseti. Sauti yake haikuwa na thamani ya pekee, muziki ule ungeweza kupatikana kwingine. Picha ndiyo mali. Akaipa megabiti nyingi kuliko sehemu nyingine zote, na upana kamili, ingawa VHS haina undani wa kujaza hata nusu ya upana huo. Hapa, yamkini, mapenzi yalimshinda hesabu. Sahani ikajaa hadi karibu na ukingo.

Sehemu ya tatu, dakika 80 za vugo, aliifanyia kinyume. Alipunguza upana wa picha hadi pikseli 352 kwa 576, kipimo kinachokubaliwa na kanuni za DVD na kinachoitosha kabisa VHS, akaipa megabiti 4. Sauti akaiacha PCM, bila kuibana hata kidogo. Jumla haikufika megabiti 5.6 kwa sekunde, na ilimwachia zaidi ya gigabaiti moja ya nafasi tupu. Hakuijaza. Sahani huandikwa kuanzia ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio hushikwa kwa vidole na ndio huwahi kuharibika. Tena mashine za zamani hukwama zikipewa sahani za kuchoma zenye kasi ya juu.

Kabla ya kuchoma chochote alimpigia bibi sehemu ya vugo kutoka kwenye tarakilishi, kwa spika zilezile. Bibi alisikiliza pembe. Ilipofika kiitikio midomo yake ilitembea pamoja nacho, na k ya k'aa ikasikika, nyembamba, lakini ikasikika.

"Sasa ni mimi," akasema.

Mambo yangeweza kuishia hapo kama msimamizi hangetuma ujumbe. Mwalimu yule, kwa haki kabisa, aliuliza ushahidi. Ikiwa tafsiri ya sura ya tatu inapinduliwa kwa sababu ya pumzi moja, basi na yeye aisikie pumzi hiyo. Mwalimu alikuwa mwanamume. Na katika kanda ile wanawake wa Mkomani, Langoni na Shela walikuwa wamevaa kama wavaavyo baina yao, bila buibui, nywele wazi, wakicheza.

Suala hili si la Lamu ya familia moja. Minou Fuglesang, mwanaanthropolojia wa Stockholm aliyeishi Lamu na kuchapisha kitabu cha Veils and Videos mwaka 1994, alionyesha jinsi video ilivyoingia katika maisha ya wasichana wa mji huo pamoja na filamu za Kihindi. Na Heike Behrend, katika Contesting Visibility (2013), amelijadili kwa kina suala la kuonekana na kujisitiri katika picha za Pwani yetu. Jambo moja laweza kuongezwa hapa. Enzi ya VHS, sitara ilikuwa na mlinzi asiyelipwa. Nakala ya kanda ilikuwa dhaifu kuliko kanda, na nakala ya nakala dhaifu zaidi. Kufikia mkono wa nne nyuso zilikuwa ukungu. DVD haina haya hiyo. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, na hutoka kwa dakika chache. Kila biti iliyoongezwa ili uso uonekane vizuri, iliongezwa pia kwa ajili ya mtu asiyestahili kuuona.

Mama mdogo, bi harusi mwenyewe, alikuwa akiishi Muscat. Alipopigiwa simu alisema sahani ya zefe apewe yeyote. Ya kupamba aletewe kwa mkono wa mwanamke na isinakiliwe. Na kuhusu vugo, hao walioimba na kucheza hawakumwalika mwalimu wa chuo kikuu. Shangazi mmoja aliunga mkono kwa ukali zaidi. Bibi alinyamaza siku nzima. Hakutaka nyuso za watu ziende Nairobi, lakini pia hakutaka kijembe chake kiitwe nasaha katika kitabu. Huenda hilo la pili lilimuuma zaidi kuliko alivyokiri.

Ni yeye aliyeuliza, usiku, swali lililofungua fundo: kwani ni lazima huyo mwalimu aone? Yeye mwenyewe haoni, na mbona anasikia?

Mwanafunzi akatengeneza sahani ya nne. Kanuni za DVD hudai kuwe na picha, basi akaweka picha: mraba mweusi mmoja, usiobadilika kwa dakika 80. Kwa kuwa hakuna kinachobadilika, haukula karibu chochote. Sauti akaiacha kama ilivyokuwa, kilobiti 1,536. Sahani nzima ilichukua takriban gigabaiti moja. Kabla ya kuichoma alimketisha bibi, wakaipitia pamoja; na kila mahali mtu alipoitwa kwa jina lake katika wimbo, bibi aliinua kidole na mwanafunzi akaizima sauti kwa sekunde ile. Mahali pa k'aa bibi hakuinua kidole. Jina halikutajwa pale, alisema, na fumbo ni sitara yake lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba ushahidi uliofungwa macho si ushahidi kamili. Katika uchunguzi wa ngoma wana hoja: hatua, safu, namna ya kushika pembe, yote yalitiwa giza. Kwa suala lililokuwa likiulizwa, hata hivyo, giza halikupunguza kitu. Msimamizi alivaa vipokea sauti, akasikiliza mara mbili, akaandika pembeni mwa sura ya tatu: "Nimeisikia. Andika upya." Sehemu ya nasaha ikaondolewa, kurasa kumi na moja zote.

Sahani zilichomwa kwa mwendo wa polepole, usiku, umeme ulipokuwa tulivu, zikahakikiwa moja baada ya nyingine. Kisha likafanyika kosa ambalo mwanafunzi hajawahi kujisamehe. Tarakilishi ilikuwa ya kuazima, mwenyewe aliidai, na zile gigabaiti 54 zikafutwa. Hizo ndizo zilizokuwa nakala bora kuliko zote. Diski ya nje ya kuzihifadhia ilikuwa na bei iliyozidi uwezo wake wa wakati ule, na hakuwahi kufikiri kwamba miaka michache baadaye nafasi hiyo ingebebwa katika kitu cha ukubwa wa ukucha.

Bibi alifariki mwaka 2012.

Mwaka 2024 mwanafunzi yule, ambaye sasa ni mwalimu na ana binti wa miaka tisa, alizitoa sahani zote nne katika bahasha zao. Tarakilishi yake haikuwa na mahali pa kuzitia. Alilazimika kununua kisomeo cha pembeni. Sahani ya zefe ilisomeka. Ile ya kupamba, iliyojazwa hadi ukingoni, ilikataa dakika zake za mwisho, na uso wa mama mdogo uliganda katika vipande vya miraba akiwa anainua mkono. Sahani ya vugo ilisomeka yote, na ile nyeusi pia.

Jamaa wa Muscat walipopata habari waliomba watumiwe wimbo wa bibi kwa WhatsApp. Alikuwa karibu kuutuma kama video, kama wafanyavyo wote, alipokumbuka kwamba simu ingeubana tena mahali palepale. Akautuma kama waraka, faili kubwa lililochukua muda kufika, na baadhi yao walilalamika kwamba linakula bando.

Binti yake alikuja akasimama nyuma ya kiti, akautazama mraba mweusi uliokuwa kwenye kioo.

"Mama, mbona hamna picha?"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Ni ya kusikiliza."

Pembe zikagongwa, kavu, kila moja peke yake. Binti akakaa kitako.